Mnaonicheka kwa waya wa yuro nane

Tangu niweke picha ya waya wangu wa HDMI kwenye kundi la WhatsApp, sina amani. Shemeji kaniita bahili, na utani ukanifuata mpaka kwenye hitima ya juzi. Yeye wake ni wa yuro sitini, ncha zimepakwa dhahabu. Haya, nijieleze.

Kinachopita ndani ya HDMI ni tarakimu. Waya ukiwa mbovu utaona vinyotanyota, picha itakatikakatika au kioo kitabaki cheusi. Rangi haziwezi kukolea eti kwa sababu umelipa zaidi. Cha kutazama ni uwezo. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 inapitisha gigabiti 18 kwa sekunde, na hizo zinatosha 4K ya fremu 60. Anayetaka 4K ya fremu 120 ndiye wa kutafuta waya ulioandikwa Ultra High Speed, wa gigabiti 48, na PlayStation 5 huja nao ndani ya boksi. Runinga yetu ni ya 1080p. Dhahabu ya nini?

Nilimwomba muuzaji wa hapa Ufaransa aujaribu kwanza, akanitazama kama mwendawazimu. Kariakoo kijana angeuchomeka, picha ikatokea, ndipo tuzungumze hela.

Na hawa Wafaransa wasijifanye wajuzi wa waya. Ndio walioleta SCART, wenyewe huiita Péritel: plagi pana kama sabuni ya kipande, yenye pini 21. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 sheria ililazimisha kila runinga mpya inayouzwa Ufaransa iwe na tundu lake, na sheria hiyo ilikuja kufutwa miaka ya 2010, wakati HDMI imekwishaenea kila mahali. Nakiri ilikuwa na faida. Runinga zao zilitumia mfumo wa rangi wa SECAM, ilhali mashine nyingi za gemu za Ulaya zilitengenezwa kwa PAL. SCART ilipitisha nyekundu, kijani na bluu kila moja njia yake, ugomvi wa mifumo hiyo ukakwepwa. Lakini plagi yenyewe hulegea ukipita karibu, na kuichomeka nyuma ya runinga iliyosogezwa ukutani ni kazi ya kulala kifudifudi.

Naijua kazi hiyo kwa sababu ya wanangu. Mdogo aliona mashine ya gemu ya Wii kwenye vide-grenier, yale masoko ya Jumapili ambapo mtaa mzima unaanika vyombo vyake barabarani na watu wanapigania bei ya vikombe vilivyopasuka. Wii haina HDMI. Ya Ulaya ilitoka na waya wa njano na kiunganishi cha SCART, na kiunganishi hicho hakisafishi chochote: rangi zote bado zimebanwa kwenye waya mmoja. Nikatafuta waya wa komponenti, ule wa kijani, bluu na nyekundu, unaofikisha 480p. Herufi zikasomeka.

Mkubwa akashukuru? Akiachwa nyuma kwenye Mario Kart alilaumu waya, kwa Kifaransa, ili nisijibu haraka. Nikawasha hali ya gemu kwenye runinga, maana kinachochelewesha vidole mara nyingi ni runinga kuipambapamba picha kabla ya kuionyesha. Mdogo akazidi kumshinda. Sasa mkubwa anadai kasoro iko kwenye upande wa kochi anaokaliaga, na mdogo anamuuzia nafasi yake kwa zamu ya kuosha vyombo.