Kipimo cha Tatu: Picha za Taya na Upandikizaji wa Meno

Wanahistoria wa tiba wanaifahamu jamii ya Abagusii wa Kisii na Nyamira kwa sababu ya mafundi wake wa kichwa, ambao kwa Ekegusii huitwa ababari emetwe. Mtu aliyeumia kichwani akasumbuliwa na maumivu yasiyokoma alipelekwa kwa omobari, naye akaipasua ngozi na kuukwangua mfupa wa fuvu taratibu, akijihadhari asiujeruhi utando unaoufunika ubongo. Katika miaka ya 1950 Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada aliyekuwa akifanya kazi Kenya, aliuchunguza ufundi huo. Omobari hakuhitaji picha: mfupa ulikuwa wazi mbele yake, na kila alipokwangua aliweza kusita, akatazama, akapapasa.

Daktari wa meno anayepanga kupandikiza jino hana fursa hiyo. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayokazwa ndani ya taya ili ishike nafasi ya mzizi wa jino lililong'oka; jino la bandia huvikwa juu yake baadaye. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, aliyegundua kwamba mfupa hai hushikamana na titani, alimtibu mgonjwa wake wa kwanza kwa njia hii mwaka 1965. Ili mshikamano huo udumu, sharti skrubu izungukwe na mfupa wa kutosha. Lakini mfupa wenyewe umefunikwa na ufizi, na ndani ya taya la chini hupita neva inayoupa mdomo na kidevu hisia. Keekee ikiigusa, mgonjwa anaweza kubaki na ganzi ya mdomo maisha yake yote.

Je, picha ya kawaida ya eksirei haitoshi? Tuchukue mfano wa Tabaka, Kisii, ambako wachongaji huchonga wanyama kwa mawe ya sabuni. Kiboko wa jiwe akipigwa picha ubavuni, tutauona urefu na kimo chake, lakini hatutajua kama ni mnene au ni mwembamba kama sahani. Ndivyo ilivyo kwa taya. Tena jino linapong'oka, mfupa wake husinyaa zaidi kwa unene kuliko kwa kimo; kwa hiyo picha bapa inaweza kuonyesha mfupa mrefu wa kuridhisha, kumbe ni ukingo mwembamba usioweza kuibeba skrubu.

Mashine za kuondoa utata huo katika tiba ya meno zilianza kutumika Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990. Mashine hukizunguka kichwa cha mgonjwa ikirusha mwali wenye umbo la pia, ile anayoichezea mtoto, na kupiga picha nyingi ambazo kompyuta huziunganisha kuwa umbo moja. Daktari hulikata taya hilo kwenye skrini vipande kama mkate, akapima unene kwa milimita, akaifuata njia ya neva, kisha akaweka skrubu ya mfano na kuiinamisha apendavyo. Kwa kawaida huacha angalau milimita 2 kati ya ncha ya skrubu na neva. Mpango ukikamilika, huweza kuchapwa kielekezi cha plastiki kinachovaliwa mdomoni ili keekee isipotoke. Hata hivyo, mionzi yake huzidi ile ya picha bapa, na meno yaliyozibwa kwa chuma hutia michirizi katika picha. Si kila mgonjwa apigwe.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika. Wengi huiita picha hii "ya pande tatu". Mwandishi wa makala haya anaona istilahi hiyo inapotosha, kwani kiboko wa Tabaka ana pande nyingi kuliko tatu; kilicho kitatu ni vipimo vyake, yaani urefu, kimo na unene. Heri tuseme "picha ya vipimo vitatu". Mzee kutoka Nyamira akiambiwa atapigwa picha ya pande tatu, ana haki ya kudhani atageuzwa mbele, kushoto na kulia, kisha atie sahihi ya kukubali kutobolewa mfupa. Akielezwa kwamba kinachotafutwa ni unene wa taya lake, anaweza kuuliza swali linalomhusu hasa: baada ya skrubu kuingia, itabaki milimita ngapi kabla ya kuifikia neva?