HITILAFU ZA MTAMBO WA KUINUA MGUU WA INJINI YA BOTI

Watumishi na wananchi wanaotumia boti katika Bwawa la Mtera, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, wanaelezwa hapa namna ya kuchunguza mtambo unaoinua mguu wa injini, yaani sehemu yenye rafadha inayotokeza nje ya tezi. Maelezo yanahusu hasa boti ambazo injini yake imo ndani.

Bwawa hilo hujaa hadi mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Maji yanapopungua, visiki na mafungu ya mchanga hukaribia uso wa maji. Mguu usioinuka hugonga visiki na kuvunja rafadha. Usioshuka huweza kuiacha injini bila maji ya kuipoza.

Mtambo wenyewe ni mota ya umeme ya volti 12 inayozungusha pampu. Ikizunguka upande mmoja, mafuta husukuma pistoni na mguu hupanda. Ikizunguka upande wa pili, mguu hushuka. Kwa hiyo uchunguzi uanze kwa sikio. Swichi ikibonyezwa pasiwe na sauti yoyote, kasoro imo katika umeme: fyuzi, swichi, au waya uliooza. Ikisikika "tik" tu, ipimwe betri kwanza, kisha vifungo vyake na waya wa ardhi visuguliwe. Boti zilizonunuliwa pwani zikiwa zimekwisha kutumika huja bara na kutu ya chumvi ndani ya viungo vya waya, na kutu hiyo haionekani kwa nje.

Mota ikivuma bila mguu kusogea, yatazamwe mafuta. Katika injini nyingi za ndani hupimwa mguu ukiwa chini kabisa. Katika nyingi za kupachika nje, ukiwa juu kabisa. Kinyume chake, kipimo hudanganya. Mafuta meupe kama maziwa yameingiwa na maji, nayo hayafai kuongezewa bali kumwagwa. Baada ya kujaza mapya, mguu upandishwe na kushushwa mara tano au sita ili hewa itoke.

Mguu unaopanda vizuri, kisha asubuhi ukakutwa umeshuka, una sili au vali inayovuja. Ule unaokataa kupanda kwa swichi ya kawaida, lakini ukapanda kwa ile ya kupakilia kwenye trela, mara nyingi una kasoro katika swichi ya kikomo. Mafundi kadhaa hukimbilia kununua pampu mpya katika hali hiyo, gharama isiyo na sababu.

Mtu yeyote asiingie chini ya mguu kabla haujawekewa kizuizi cha chuma au gogo. Vilevile boti inapovutwa barabarani, kizuizi hicho ndicho kiubebe mguu, si mafuta.