Udongo Mchache Juu ya Jabali: Habari za Ngazija na Maweni Yetu



Katika Suratul Baqara, aya ya 264, Mwenyezi Mungu amempigia mfano mtu anayetoa sadaka kwa ria na masimango. Amemfananisha na jabali ambalo juu yake pana udongo kidogo, nayo mvua kubwa inapolishukia huuondoa udongo wote na kuliacha jabali wazi. Aya inayofuata inataja bustani iliyo mahali palipoinuka, ambayo ikinyeshewa hutoa mazao maradufu. Wafasiri wamekwisha kueleza kwa urefu makusudio ya mifano hii miwili, nasi hatutarudia maneno yao. Tungependa tu ndugu msomaji aangalie jambo moja: neno la Kiarabu lililotumika kwa hiyo mvua kubwa katika aya zote mbili ni lile lile, *wabil*. Mvua ni moja, na ardhi zilizoipokea ni mbili.

Ndugu zetu wa Kigombe, kijiji cha wavuvi kilicho baina ya Tanga na Pangani, hawahitaji maelezo marefu kuhusu jabali lenye udongo kidogo. Nyuma ya ufuko wao yapo maweni, yaani jiwe la matumbawe ya kale lililoinuka kutoka baharini, ambamo mkulima hupanda muhogo wake katika mifuko ya udongo mwekundu huku jembe likigonga mwamba. Lakini iko nchi ya jirani ambako mfano huu unaonekana kwa sura ya ajabu zaidi, kwa kuwa huko, katika sehemu nyingi, udongo wenyewe haukutokana na jiwe hata kidogo. Tunakusudia kisiwa cha Ngazija.

Ngazija si ugenini kwetu. Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit, kadhi mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, na elimu yake imeenea mwambao mzima. Hata samaki wanatuunganisha. Silikanti, ambaye wavuvi wa Kigombe na vijiji vya jirani walianza kumnasa katika majarife yao mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ambaye kwa ajili yake ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009, ndiye yule yule ambaye Wangazija humwita gombesa. Kwao hujificha mchana ndani ya mapango ya lava, chini sana ya maji ya pwani.

Lava hiyo ndiyo iliyokijenga kisiwa chote. Mlima Karthala, wenye kimo cha mita 2,361, ni volkano iliyo hai mpaka leo. Mwezi wa Aprili 1977 lava yake iliteremka upande wa kusini magharibi na kuziangamiza nyumba nyingi za kijiji cha Singani. Ikipoa, lava huwa jiwe jeusi lililojaa matundu na nyufa, mfano wa makaa yaliyogandana katika tanuri la mhunzi. Maji hayakai juu yake. Ndiyo maana Ngazija, pamoja na kuwa miteremko ya magharibi ya Karthala hupata sehemu nyingine zaidi ya milimita 5,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Tanga mjini haipati zaidi sana ya 1,300, haina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Watu wa huko kwa karne nyingi wameishi kwa birika za maji ya mvua, za majumbani na za misikitini.

Sasa, udongo utatoka wapi juu ya jiwe la namna hii? Jiwe kusagika hata likawa udongo wa mfinyanzi ni kazi ya maelfu ya miaka. Viumbe havikungoja muda huo. Kwanza hutokea kitu kidogo cha rangi ya kijivu, kama ndevu fupi zilizoota juu ya mwamba. Wataalamu wanasema si mmea kamili, bali ni kuvu na mwani walioshirikiana maisha, na ndugu zetu wa Goma hukiona pia juu ya lava za milima ya Virunga. Kiumbe hicho hunasa naitrojeni ya hewani na kuiacha juu ya jiwe. Kisha kangaga huchomoza ndani ya nyufa, na baada yake miti. Majani ya miti huanguka, yakaingia katika nyufa, yakalowa, yakaoza, na mengine yakaanguka juu yake, mwaka baada ya mwaka kwa mamia ya miaka.

Kinachopatikana ni udongo mweusi, mwepesi, uliojaa nyuzi za mizizi, usionata mkononi kama mfinyanzi. Karibu wote ni mboji. Wataalamu wa udongo wameuweka katika kundi moja na udongo wa vinamasi, kwa vile vyote viwili vimetokana na mimea iliyooza, ijapokuwa huu hautuami maji hata siku moja. Unene wake mara nyingi haufiki shibri. Mizizi ya miti mikubwa haiendi chini, kwani chini hakuna pa kwenda isipokuwa katika nyufa. Hutambaa ubavuni na kushikana, mti huu na ule, na ndiyo inayouzuia udongo usiporomoke. Kwa hiyo mtu akisema kwamba msitu ule umeota juu ya udongo, amesema nusu ya ukweli, kwa sababu msitu ndio ulioutengeneza udongo huo, na unaendelea kuutengeneza kila jani linapoanguka.

Hapa linazuka suala la kifiqhi ambalo wanafunzi wa madrasa watalipenda. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, tayamamu haisihi ila kwa turabu, yaani udongo safi wenye vumbi. Wanazuoni wa Kihanafi wameruhusu kila kilicho cha jinsi ya ardhi, hata jiwe lisilo na vumbi, isipokuwa kile ambacho kikitiwa motoni huyeyuka au huwa jivu. Basi mboji ya msitu wa Karthala ikikauka huungua ikawa jivu! Aliyekosa maji huko, kwa kauli ya Wahanafi, angefaa kuifukua mboji na kulipiga kwa viganja jiwe jeusi lililo chini yake. Ama Mshafi, kwa tuonavyo sisi, jiwe tupu halimtoshi wala mboji si turabu; asipopata vumbi la udongo atasali kwa kuheshimu wakati, kisha atairudia sala yake. Wallahu aalam.

Tumelitaja hilo la kuungua kwa sababu ndilo lenye balaa. Mkulima wa nchi ya mfinyanzi akichoma shamba huteketea majani, na udongo ukabaki. Anayechoma msitu juu ya lava huuchoma udongo wenyewe. Jivu lake humpa ndizi na majimbi mazuri msimu mmoja au miwili, naye akadhani amebarikiwa. Kilichosalia hupigwa jua, mvua hukisukumia ndani ya nyufa, na msimu unaofuata jembe hukutana na jiwe. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitaja Komoro miongoni mwa nchi zilizopoteza misitu yao kwa kasi kubwa kabisa duniani baina ya mwaka 2000 na 2010. Hatuwalaumu wenyewe kwa haraka. Ardhi ni ndogo, watu wanaongezeka, na mwenye watoto wenye njaa hawezi kuambiwa angoje majani yaoze.

Mwaka 2005 Karthala ilitoa majivu mara mbili, Aprili na Novemba, yakazichafua birika na kulala juu ya miteremko. Mvua kubwa za Aprili 2012 ziliposhuka, maji yalikokota majivu na mchanga hadi mabondeni, na Vuvuni, karibu na Moroni, ni miongoni mwa vijiji vilivyofurikwa. Huko Nzuwani, kisiwa cha pili, ambacho lava yake ni ya kale na udongo wake una kina zaidi, mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi baada ya misitu ya milimani kufyekwa.

Hata hivyo wapo wenye hekima. Baadhi ya wakulima wa Ngazija hufyeka vichaka tu, wakaiacha miti mikubwa, na kupanda migomba kivulini, ili majani yaendelee kuanguka. Wakulima wa Nyumakele, Nzuwani, hupanda ua wa miti hai kuzunguka shamba, wakamfunga ng'ombe kwenye kigingi na kumhamisha kidogo kidogo, akala majani ya ua na samadi ikabaki pale pale. Hawaii, ambako udongo wa namna hii ni mwingi, wako wanaoivunja lava kwa matingatinga na kupanda mapapai katika kokoto zake. Mapapai hustawi, kwa mbolea ya dukani. Anayeiga hilo bila fedha za mbolea atavuna kokoto.

Turudi Kigombe. Jiwe la matumbawe linapoyeyushwa na mvua kwa karne nyingi huacha udongo mwekundu kidogo, hivyo anayechoma kichaka cha maweni hubakiwa na kitu, tofauti na yule wa Karthala. Lakini ile safu nyeusi ya juu, nyembamba kama kidole, ambayo muhogo hupata ndani yake sehemu kubwa ya chakula chake, ni mboji ile ile na huungua vile vile. Kabla ya masika, familia nyingi husafisha mashamba, na moshi huonekana tangu barabara ya Pangani. Majani yaliyofyekwa yanaweza kulazwa katikati ya matuta na kuachwa hapo. Mchwa watakula sehemu yake, na magugu yatapungua, jambo ambalo kina mama wanaopalilia ndio watakaolifurahia kwanza.