Tembe la Bibi, Bati la Mjomba

Ukipanga chumba Chang'ombe (ya hapa Dodoma, siyo ile ya Dar), subiri Oktoba ikufundishe. Saa nane mchana geto langu halikaliki. Bati ni jembamba, chini yake hakuna dari, jua likiwaka kidogo tu joto lote liko kitandani. Ikifika Juni, usiku bati hilohilo linapoa upesi, unalala na sweta.

Kwa bibi yangu, upande wa Bahi, hata feni hawaijui. Anaishi kwenye tembe, nyumba ya asili ya Wagogo: kuta za miti iliyokandikwa udongo, paa bapa la boriti na fito, na juu yake udongo mzito. Vyumba vinazunguka ua wanamolala ng'ombe. Siri iko kwenye ule udongo. Unapokea joto taratibu sana, kiasi kwamba jua la mchana linafika ndani jioni, wakati nje kumeshapoa. Na paa bapa linawezekana kwetu kwa sababu mvua ni chache, msimu mmoja tu. Lijenge Bukoba uone.

Mwaka jana mjomba akatangaza kulibomoa. Tusidanganyane, hoja alikuwa nazo: mchwa wamekula boriti, Januari lilivuja hadi kwenye godoro, na ndani giza hata mchana. Halafu tangu Operesheni Dodoma ya 1971, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, "nyumba bora" kwetu ni tofali na bati. Ukikaa tembe unaonekana umeshindwa maisha. Bibi akajibu kifupi: "Bomoeni. Mimi nitalala na ng'ombe."

Aliyetupatanisha ni fundi. Alibadilisha boriti zilizooza, akauacha udongo palepale, kisha akasimamisha nguzo mpya na kuezeka bati juu zaidi, upepo upite katikati. Bati linazuia mvua, upepo unaondoa joto, udongo unamalizia kazi. Ila usiegemeze bati kwenye kuta za zamani, hazitabeba.

Ndani nilipewa mimi, na sehemu ya bumu langu iliishia huko. Chokaa nyeupe peke yake ilileta mwanga ambao sikuutegemea. Dirisha tukalipanua upande wa uani, siyo magharibi linakopiga jua la jioni. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa, rafu za vitabu kati ya nguzo, na kilindo cha nafaka kikageuka meza ya taa. Nilitaka pia dari ya jipsamu kama zile za Instagram. Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, unaficha miti aliyoikata babu yako?" Tukaziacha boriti wazi, zile mpya na za babu zilizopona, tukazipaka oili chafu kuzuia mchwa. Nyumba ilinuka wiki mbili. Kosa langu hilo: boriti mpya zilitakiwa kupakwa na kukauka nje kabla hazijapandishwa.

Siku hizi mjomba akija mchana anajilaza humohumo. Anachodai sasa ni bati lipakwe rangi nyekundu, na hapo bado hatujaelewana.