Taoudenni: Kituo cha wachimbaji chumvi kilichozaliwa na vita

TAOUDENNI haina mti, haina shamba wala mto. Ni kituo kidogo cha wachimbaji chumvi katika jangwa la Sahara, zaidi ya kilomita 650 kaskazini mwa mji wa Timbuktu nchini Mali, na chakula kinacholiwa huko hutoka mbali.

Chanzo chake ni vita. Kwa karne nyingi chumvi ya eneo hilo ilichimbwa Taghaza, yapata kilomita 150 kaskazini magharibi mwa Taoudenni. Msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Taghaza mwaka 1352 akakuta nyumba na msikiti vimejengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Waliochimba walikuwa watumwa waliomilikiwa na watu wa kabila la Masufa.

Utajiri huo uliwavutia masultani wa Morocco, wakagombana na dola ya Songhai iliyoutawala. Majeshi ya Morocco yalipoishambulia Taghaza katika miaka ya 1580, baadhi ya wachimbaji walihamia Taoudenni, ambako kulikuwa na ziwa lililokauka kale na kuacha matabaka ya chumvi ardhini.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Wachimbaji huchimba shimo lenye kina cha hadi mita nne, wakiondoa udongo mwekundu, kisha chumvi hafifu, ndipo wafikie ile safi. Huichonga kwa mashoka kuwa mabamba yenye uzani wa kilo 30 hivi kila moja. Ile hafifu haitupwi yote. Hujengewa vibanda vya kulala. Maji ya visima huko yana chumvi, na joto la kiangazi hupita nyuzi 40, hivyo wengi huja tu katika miezi ya baridi.

Ngamia mmoja hubeba mabamba manne hadi Timbuktu, safari ya majuma kadhaa. Kwa desturi, matatu kati ya hayo ni malipo ya mwenye ngamia. Mchimbaji hubakia na moja. Anayeshinda shimoni ndiye anayepata kidogo, ingawa pasipo ngamia, mabamba yote manne yasingekuwa na mnunuzi.

Upweke wa mahali hapo uliwafaa pia watawala wa Mali. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1988, serikali ya Moussa Traoré iliwafunga wapinzani wake huko katika gereza ambalo wengi hawakutoka wakiwa hai. Ukuta haukuhitajika sana, jangwa lilitosha.

Katika miaka ya karibuni malori yamechukua sehemu ya kazi ya ngamia, na tangu vita vilipozuka kaskazini mwa Mali mwaka 2012, njia ya Timbuktu imekuwa ya hatari kwa wote wawili, mwenye lori na mwenye ngamia.