Vikundi vya ibada: Muumini atajuaje kipi ni cha kuaminika?

MACHI 17, 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada katika kijiji cha Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda. Milango na madirisha yalikuwa yamefungwa kwa misumari. Siku chache baadaye, polisi walifukua miili mingine mingi kutoka makaburi ya halaiki katika makao mengine ya kundi hilo.

Waliofariki hawakuwa watu wasiomjua Mungu. Wengi wao walikuwa Wakatoliki waliosali rozari, wakafunga na kuiheshimu Ekaristi. Waliingia katika kundi lililojiita Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, ambalo lilichipuka mwishoni mwa miaka ya 1980 kutokana na madai ya njozi za Bikira Maria. Miongoni mwa viongozi wake walikuwemo Joseph Kibwetere, mlei aliyeheshimika katika jamii, Credonia Mwerinde, na padri msomi aliyekuwa ameasi mamlaka ya askofu wake, Dominic Kataribabo.

Swali ambalo Kanungu iliwaachia Wakatoliki wa Afrika Mashariki bado halijachakaa. Parokia zetu zimejaa vikundi vya walei: vya rozari, vya Moyo Mtakatifu, vya uamsho wa karismatiki, vya maombi ya usiku na vya safari za hija. Vingi ni vya kheri. Lakini jirani anapokualika ujiunge na kikundi kipya, utatumia kipimo gani kujua kama ni cha kuaminika?

Haki ya kuungana

Yafaa ifahamike kwanza kwamba mlei hahitaji ruhusa ili asali pamoja na wenzake. Sheria za Kanisa za 1983, katika kanuni ya 215, zinawapa waumini uhuru wa kuanzisha na kuongoza vyama vya ibada, vya huruma na vya utume. Kwa hivyo, kikundi kisichokuwa na barua ya askofu si cha uasi kwa sababu hiyo tu.

Hata hivyo, uhuru huo una mipaka. Kanuni ya 299 inasema chama cha faragha hakitambuliwi na Kanisa mpaka katiba yake ichunguzwe na mamlaka husika. Nayo kanuni ya 300 inakataza chama chochote kujiita cha Kikatoliki bila idhini.

Sababu ya katazo hilo si ngumu kuielewa hapa Kenya. Lejio ya Maria ni chama cha walei kilichoanzishwa jijini Dublin na Frank Duff mnamo 1921, nacho kinatambuliwa na Kanisa Katoliki. Legio Maria, iliyozaliwa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, ni kanisa huru linalojitegemea. Kila moja lina waumini wake na historia yake, lakini mgeni anayetazama rozari na jina pekee hataona tofauti. Jina na mavazi, basi, si ushahidi.

Nani aliidhinisha?

Kanuni ya 312 inaeleza ni nani anayeweza kuanzisha chama cha hadhara, yaani kile kinachotenda kwa jina la Kanisa. Kwa chama cha jimbo ni askofu wa jimbo, kwa cha taifa ni baraza la maaskofu, na kwa cha kimataifa ni Vatikani. Kwa mintarafu hiyo, muumini ana haki ya kuuliza: ni askofu gani aliyeidhinisha? Lini? Katiba iko wapi?

Jibu la kweli huwa ni karatasi yenye tarehe na sahihi, na paroko au ofisi ya jimbo inaweza kuithibitisha. Picha ya kiongozi akiwa amesimama kando ya askofu si idhini. Padri mgeni kuja kuadhimisha misa si idhini. Wala cheti cha serikali si idhini ya Kanisa: kundi la Kanungu lilikuwa limesajiliwa na serikali ya Uganda kama shirika lisilo la kiserikali.

Fedha zinakwenda wapi?

Kipimo cha pili ni mfuko. Kanuni ya 1265 inamkataza mtu binafsi, au hata chama, kuomba michango kwa ajili ya shughuli yoyote ya dini bila kibali cha maandishi cha mkuu wake wa Kanisa na cha mkuu wa mahali anapochangisha. Aidha, kanuni ya 319 inavitaka vyama vya hadhara vitoe hesabu kila mwaka kwa mamlaka inayovisimamia.

Ukiambiwa utume mchango wa hija kwa nambari ya simu ya kiongozi mwenyewe, bila risiti, bila mweka hazina na bila siku ya kusomewa hesabu, una sababu ya kusita. Kuuliza hesabu si ukosefu wa imani. Huko Kanungu wafuasi waliuza mashamba na mifugo wakawakabidhi viongozi fedha. Dunia haikuisha mwanzoni mwa mwaka 2000 kama walivyotabiriwa, na inasimuliwa kuwa baadhi yao walianza kudai mali yao. Miezi michache baadaye walikuwa wamekufa.

Njozi na jumbe

Kipimo cha tatu ni jinsi kikundi kinavyoyachukua madai ya njozi. Hapa Rwanda inatufunza mengi. Huko Kibeho, wasichana wa shule walidai kumwona Bikira Maria kuanzia Novemba 28, 1981. Askofu aliunda tume za uchunguzi, za madaktari na za wanateolojia. Idhini ya ibada ya hadhara ilitolewa 1988, na ni mwaka 2001 tu ambapo Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitangaza kwamba njozi hizo ni za kuaminika. Hata hivyo, kati ya watu wengi waliodai kuona, ni watatu pekee waliokubaliwa. Wote watatu walikuwa wamekubali kuchunguzwa.

Tangu Mei 2024, kanuni mpya za Vatikani zinamtaka askofu ashauriane na Idara ya Mafundisho ya Imani kabla ya kutangaza uamuzi wowote. Kwa kawaida, uamuzi wa juu kabisa ni kwamba hakuna kizuizi cha kuendeleza ibada, si kwamba tukio limethibitishwa kutoka mbinguni. Ikiwa Kanisa lenyewe linanena kwa tahadhari kiasi hicho, kiongozi wa kikundi anayesema Mama Maria amemwagiza hivi jana usiku, na kwamba atakayepinga atalaaniwa, anajipa mamlaka ambayo hata askofu hajipi.

Mlango wa kutokea

Kipimo cha nne ndicho kizito kuliko vyote, nacho ni uhuru wa mwanachama. Je, anaweza kuondoka bila kutishwa? Anaruhusiwa kwenda hospitali, kulea wanawe, kushiriki misa ya parokia na kuungama kwa padri amtakaye? Huko Kanungu wafuasi walikatazwa hata kuzungumza, wakawa wanawasiliana kwa ishara. Mwaka 2023 Wakenya walishuhudia msitu wa Shakahola, Kilifi, ukitoa miili ya watu zaidi ya 400. Kundi hilo halikuwa la Kikatoliki, ila njia ilikuwa ile ile: kutengwa na jamaa, kuacha shule na hospitali, na sauti moja isiyohojiwa.

Kwa sababu hii pia, Vatikani iliamuru mwaka 2021 kwamba viongozi wakuu wa vyama vya kimataifa vya walei wasitumikie zaidi ya miaka mitano kwa kipindi, wala zaidi ya miaka 10 mfululizo.

Idhini si kinga

Msomaji asidhani kwamba muhuri wa Kanisa unamaliza kazi. Sodalitium, jumuiya iliyoanzishwa Peru mwaka 1971 na mlei Luis Fernando Figari, ilipata idhini ya Papa mwaka 1997. Waliokuwa wanachama walisimulia dhuluma kwa miaka mingi kabla ya kusikizwa, na mwaka 2025 jumuiya hiyo ilivunjwa. Idhini inaonyesha kwamba katiba ilisomwa, lakini haiwezi kuona yanayotendeka gizani. Hivyo vipimo vya fedha na uhuru vinabaki hata pale barua ya askofu ipo.

Wala asidhani kwamba vikundi vyote ni mitego. Mwaka 1936 Edel Quinn, mlei kutoka Ireland aliyekuwa na maradhi ya kifua kikuu, aliwasili Afrika Mashariki kueneza Lejio ya Maria. Kikundi cha Lejio hakianzishwi bila ridhaa ya paroko au askofu, hukutana kila wiki, wanachama hutoa ripoti ya kazi waliyoifanya, na maofisa wa mabaraza yake huchaguliwa kwa miaka mitatu. Quinn alifariki Nairobi Mei 12, 1944, akazikwa huko huko. Hakuacha mali, ila vikundi ambavyo viliendelea kusali bila yeye.

Labda hicho ndicho kipimo rahisi zaidi kwa muumini wa kawaida. Mwondoe kiongozi katika mawazo yako, kisha utazame kilichobaki. Ikibaki sala, huduma kwa wagonjwa na hesabu zilizo wazi, jiunge. Usipoona kitu, nenda kamwulize paroko kabla ya kutoa hata shilingi moja.