Saa ya mkononi: pima mkono kabla ya kutoa hela

Ingia duka lolote la saa Kariakoo, muuzaji atakuuliza una shilingi ngapi kabla hajautazama mkono wako. Wewe anza na mkono. Saa isiyokukaa utailipia mara mbili: kwanza dukani, kisha kwa fundi.

Kupima ni bure. Zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono, pale utakapoivaa saa, tia alama, kisha unyooshe juu ya rula. Pima alasiri, maana joto huvimbisha mkono kidogo, na saa iliyokaa sawa asubuhi huanza kubana mchana.

Ukipata chini ya sentimita 16, tafuta saa yenye kasha la upana wa milimita 34 hadi 38. Kati ya 16 na 18, chukua 38 hadi 42. Ukizidi 18, hata 44 itakukaa. Hapo ni pa kuanzia. Mwamuzi wa mwisho ni kuivaa.

Usidanganywe na maandishi ya "kike" na "kiume". Miaka ya 1950 saa nyingi za wanaume zilikuwa na milimita 33 hadi 36 tu. Mwanamume mwenye mkono mwembamba asione haya kuchagua kwenye kabati la saa ndogo, na mwanamke mwenye mkono mnene asilazimishwe kuvaa saa inayombana.

Kipimo kinachosahaulika ni urefu wa kasha, kutoka ncha za juu zinazoshika mkanda hadi ncha za chini. Saa mbili zenye upana wa milimita 40 zinaweza kupishana: moja ina urefu wa 46, nyingine 50. Ncha zikining'inia nje ya mkono, iache hata kama imepunguzwa bei. Mkanda hufupishwa, kasha halifupishwi.

Angalia na unene. Saa ya milimita 8 hadi 10 hupita chini ya mkono wa shati. Ikifika 13, itagonga kila fremu ya mlango na kila bomba la daladala, na kioo ndicho kitakachoumia.

Sasa mkanda, maana hapo ndipo gharama zilipojificha.

Mpira ni wa bei nafuu, una matundu mengi na huoshwa kwa maji na sabuni. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi umetengenezwa kwa saa hiyo moja tu. Ukikatika na mwenzake hapatikani, unatupa saa inayotembea.

Ngozi inapendeza, lakini jasho la Pwani huimaliza upesi. Ngozi bandia ndiyo mbaya zaidi: hubanduka magamba.

Nailoni ni rahisi, inafuliwa, na huwakaa wembamba na wanene.

Chuma hudumu kuliko yote, ila lazima kipunguzwe pingili. Kubaliana na muuzaji azipunguze bure kabla hujalipa, na uzidai pingili zilizotolewa, maana ukinenepa utazihitaji.

Uliza pia upana wa mkanda. Milimita 18, 20 na 22 hupatikana kwa urahisi. Ukiambiwa 19 au 21, jiandae kuzunguka.

Tufanye hesabu ya mfano. Saa ya kwanza ni shilingi 25,000, kupunguza pingili 5,000, na baadaye mkanda wa saizi adimu 15,000. Jumla 45,000. Ya pili ni 35,000, inakukaa na mkanda wake ni wa milimita 20. Iliyoonekana rahisi ndiyo ghali.

Ukinunua mtandaoni, picha haikuonyeshi ukubwa. Omba upana, urefu na unene kwa milimita. Jumlisha makato ya kutuma pesa na nauli ya bodaboda, kisha uulize nani atalipia kuirudisha ikigoma kukaa. Risiti ikiandikwa "mali ikiuzwa hairudishwi", hasara ni yako.

Saa iliyoandikwa mita 30 isikupeleke baharini. Hiyo ni ya kunawa mikono na manyunyu. Kwa kuogelea tafuta mita 100.

Kama hela ni kidogo na saa unaitaka wiki hii, chukua ya betri: bei yake ni ya chini na haihitaji matunzo mengi. Unene usizidi milimita 11, mkanda uwe wa nailoni wa milimita 18 au 20, unaobadilishika. Ivae, funga bizimu, kunja kiganja kwa juu. Kitufe cha pembeni kisikuchome, na kidole kidogo kipenye chini ya mkanda. Ikishindwa mtihani huo, mrudishie muuzaji saa yake na uingie duka la pili.